Fungueni Magurudumu: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Naomba fursa ya kunena nawe mbele ya halaiki ya wasomaji juu ya jambo ambalo mimi, fundi wa breki wa hapa Laini Saba, Kibera, nimelitumikia kwa mikono yangu tangu ujana, nalo ni namna serikali inavyozikagua breki za magari yanayochukua abiria. Sikusudii kuilaumu Mamlaka yako, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012 ikarithi kazi zilizokuwa zimetawanyika katika idara kadhaa. Nimeshika kalamu kwa kuwa nina yakini kwamba ukaguzi wa kila mwaka, jinsi ufanywavyo leo, hupima jambo moja la kweli na kuliacha jingine, na hilo liachwalo ndilo lenye kuua.

Matatu za viti 14 zinazotuchukua kutoka Kibera na Kawangware kwenda mjini aghalabu zina breki za namna mbili katika mwili mmoja. Magurudumu ya mbele yana diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na dereva akanyagapo pedali, pedi mbili huibana diski hiyo huku na huku. Magurudumu ya nyuma yana ngoma, na ndani ya ngoma mna viatu viwili vilivyovikwa lainingi, ambavyo husukumwa na silinda ndogo vikasugua ukuta wa ngoma kutoka ndani. Diski iko wazi kwa upepo, hivyo hupoa upesi, na pedi zake huweza kuonekana kwa kuchungulia tu. Ngoma imejifunga, huhifadhi joto na vumbi lake, na asiyeifungua hawezi kujua hali iliyomo.

Katika kituo chenu cha Likoni Road gari hupandishwa juu ya rola, na mashine ikasoma nguvu ya kila gurudumu na tofauti baina ya kulia na kushoto. Mashine hiyo ni adilifu, wala simtilii shaka mkaguzi anayeisimamia. Walakini, Mheshimiwa, pedi iliyobakiwa na milimita 2 hubana juu ya rola sawasawa na pedi yenye milimita 10, na huenda mashine ikaipa alama nzuri ilhali baada ya majuma machache chuma kitakuwa kinakwaruza chuma. Kadhalika gari hupimwa likiwa tupu, na breki zake zikiwa baridi. Kesho yake gari hilo hilo, lenye cheti kilichopigwa muhuri, litateremka Valley Road likiwa na abiria 14, dereva, makanga na magunia, likisimama na kuondoka, likisimama na kuondoka, hata zile ngoma za nyuma zipate moto.

Ngoma ikipata moto hupanuka, ukuta wake ukajitenga na viatu, na pedali ikazama zaidi ya kawaida. Lainingi nayo ikizidiwa na joto hupoteza uwezo wake wa kushika, hata dereva akanyage kwa nguvu zake zote asipate ila mteremko uleule. Hatari hiyo huongezeka pale mafuta ya breki yanapokuwa yamechakaa, na hapa naomba uniwie radhi nikae kidogo, maana ni mlango ambao wakaguzi wengi hawaubishi. Mafuta hayo huvuta unyevu kutoka hewani kila siku. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yapaswa kustahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishaingiwa na maji kwa kiasi cha asilimia 3 au 4 tu, kiwango kinachodaiwa na daraja hilo hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka ndani ya mabomba hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Mguu wa dereva huubana mvuke badala ya kusukuma pedi, na pedali hufika sakafuni bila ya gari kupungua mwendo. Ndiyo sababu mafuta hayo yapaswa kubadilishwa takriban kila miaka 2, hata kama chupa ingali imejaa. Nimeletewa pia matatu zilizoongezwa mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu: mipira ya masta silinda ilivimba, breki zikashikana, na ikabidi kila chenye mpira kitupwe, kuanzia masta mpaka silinda za magurudumu.

Naamini twakumbuka sote siku ya tarehe 24 Julai 2022, basi lilipotumbukia kutoka daraja la Nithi likichukua roho za watu zaidi ya 30, na maafisa wa serikali wakasema mapema kwamba breki zilishukiwa kufeli. Kila mara msiba kama huo unapotokea, huundwa tume na kutolewa maagizo, na polisi wakajaa barabarani kwa juma moja. Nchi hii yajua kutunga kanuni na kuzitimiza ikitaka: mwaka 2004, katika zama za marehemu waziri John Michuki, matatu ziliwekewa mikanda, mstari wa manjano na kidhibiti cha mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na abiria wakayaona mabadiliko kwa macho. Mstari wa manjano huonekana na kila mtu. Unene wa lainingi hauonekani na yeyote isipokuwa fundi aliyepiga magoti kando ya gurudumu.

Na fundi huyo ni nani? Aghalabu ni kijana wa jua kali, aliyejifunza kwa mwalimu aliyejifunza kwa mwalimu mwingine, naye hufanya kazi katika dhiki ambayo yapasa ijulikane na ofisi yako. Gari huletwa adhuhuri, pedi za upande mmoja zikiwa zimekwisha, na dereva, ambaye ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kabla ya jua kuchwa, husema: "Fundi, weka upande huu tu, hesabu haijafika." Fundi ajua kwamba pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja siku dereva atakapokanyaga ghafla, lakini akikataa, dereva atavuka barabara kwa fundi mwingine. Breki za nyuma ndizo zinazodhulumiwa zaidi, kwani ngoma iliyoshikwa na kutu yahitaji kugongwa kwa subira, hivyo pedi za mbele huweza kubadilishwa mara kadhaa bila ya ngoma kufunguliwa hata mara moja. Kirekebishaji cha viatu hushikwa na kutu, viatu hukaa mbali na ngoma, mzigo wote wa kusimamisha gari ukaangukia magurudumu ya mbele, na breki ya mkono, ambayo hutegemea ngoma hizo hizo, ikalegea. Nenda stejini jioni utazame ni matatu ngapi zinazoegeshwa kwa jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe hilo ni ripoti ya ukaguzi iliyo wazi kuliko cheti chochote.

Ombi langu, basi, ni kwamba katika ukaguzi wa kila mwaka gari liinuliwe, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yafunguliwe, unene wa pedi, lainingi, diski na ngoma upimwe, na milimita hizo ziandikwe katika cheti chenyewe. Kipimo cha mwisho cha diski na cha ngoma aghalabu kimechapwa na kiwanda juu ya chuma chenyewe, hivyo hapana haja ya kubuni. Mafuta yapimwe maji kwa kifaa kidogo kinachoshikika mkononi. Na kwa kuwa mwaka ni mrefu mno kwa pedi ya matatu, kila gari la abiria liwe na daftari la breki, fundi aandike tarehe, alichokiona na alichokibadilisha, kisha atie sahihi na namba yake. Na namba hiyo aipate kwa kutahiniwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) kwa mitihani yake ya daraja, akiwa hapo hapo gereji anapofanyia kazi, pamoja na kufundishwa kulifuta vumbi la breki kwa kitambaa chenye maji badala ya kulipuliza, kwa sababu lainingi za zamani zilikuwa na asbesto na vijana wetu walivuta vumbi hilo bila ya kujua.

Utasema kwamba wakaguzi ni wachache na foleni ni ndefu, na kwamba kanuni zilizopendekezwa mwaka 2025, za kukagua hata magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne, zitairefusha foleni hiyo. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hasa nakusihi uwatumie watu ambao tayari huzifungua breki za Nairobi kila siku. Yupo atakayehofu kwamba fundi atatia sahihi ya uongo. Huenda, lakini leo hana sahihi kabisa, wala hapana awezaye kumwuliza lolote; mwenye namba akidanganya hunyang'anywa namba.

Mafundi kadhaa wa Laini Saba na wa Kawangware tumekwisha shauriana, nasi tu tayari kuja ofisini kwako siku utakayotaja, tukiwa na pedi, viatu na ngoma tulizozitoa katika magari yenye vyeti ambavyo muda wake haujakwisha. Twaomba jibu lako liandikwe kwa Kiswahili, ili tulibandike gereji na kila dereva alisome huku akingoja gari lake.

Wako mtiifu,
Fundi wa breki, Laini Saba, Kibera