Si Njaa Inayowakimbiza

Ipo imani iliyokita mizizi katika kurasa za michezo, katika vijiwe vya mazungumzo na katika filamu za wageni kuhusu Afrika Mashariki, kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka nyanda za juu za Kenya au Tanzania anakimbia kwa sababu ya umaskini: alizaliwa hana kitu, akamwona jirani amerudi kutoka Ulaya akanunua shamba na kujenga nyumba mjini Eldoret, naye akaamua kushika njia hiyo hiyo. Mara nyingi imani hii hutamkwa kwa nia njema, kama sifa kwa mtu aliyejikwamua katika dhiki. Hata hivyo ni imani potofu, tena yenye madhara, kwa kuwa inamnyima mwanariadha jambo ambalo mkimbiaji wa London au Chicago huachiwa bila kudaiwa ushahidi, yaani kuwa na sababu zake mwenyewe za kukimbia.

Mwaka 1993 wanasaikolojia wa Marekani, Masters, Ogles na Jolton, walichapisha kipimo cha motisha za wakimbiaji wa marathoni, mbio za kilomita 42.195, chenye vipengele 56 ambavyo mhojiwa huvipima kwa kadiri vinavyomhusu. Sababu za kukimbia walizipanga katika mafungu manne: za kimwili, kama vile afya na uzito, za kijamii, yaani kujumuika na wengine na kutambuliwa nao, za mafanikio, yaani kushindana na kutimiza lengo binafsi, na za kisaikolojia, ambazo ni pamoja na kukabiliana na misukosuko ya maisha, kujithamini na kuyapa maisha maana. Fedha haina fungu lake humo. Lakini anapotajwa mkimbiaji wa Iten, mji wa kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, mafungu yote manne hufutwa na kubakizwa fedha peke yake, kana kwamba kijana wa huko hana mwili wa kuutunza, hana wenzake wa kujumuika nao, wala hana huzuni ya kuituliza barabarani alfajiri.

Hoja ya umaskini haisimami hata ikipimwa kwa ramani ya Kenya yenyewe. Turkana na Mandera zimetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti maskini zaidi nchini, ilhali kundi kubwa la mabingwa hutoka Nandi, Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, maeneo ya mahindi, maziwa na chai. Kinachoyapa maeneo hayo nafasi ni mwinuko, kwani Iten iko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, pamoja na shule zenye desturi ya riadha na kambi za mazoezi ambamo chipukizi hukimbia bega kwa bega na bingwa wa dunia. Hayo yanaeleza fursa, na fursa haitoshi kumwamsha mtu kitandani kila siku kwa miaka kumi.

Historia nayo inaikana imani hii waziwazi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanuni za kimataifa za riadha zilishikilia uridhaa, yaani mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa kwa kushindana. Ni katika enzi hiyo, tarehe 20 Oktoba 1968, ambapo John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliiwakilisha Tanzania katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, akaanguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kutwaa dhahabu, akiwa wa mwisho kati ya wote 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Hapakuwa na fedha mwishoni mwa safari ile. Palikuwa na ahadi kwa waliomtuma. Wala Akhwari hakuwa mtu wa kuhurumiwa, maana mwaka 1970 alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh.

Ni kweli kwamba fedha ina uzito wake. Zawadi za mbio kubwa zimesomesha watoto na kununua mashamba, na asiyejua kesho atakula nini hawezi kulaumiwa kwa kuzihesabu. Kosa ni kuifanya sababu moja kuwa sababu zote. Katika kambi za Iten na Kaptagat wamo vijana wengi ambao hawajawahi kupata zawadi yoyote ya maana, na ingawa wengine wanashikiliwa na matumaini ya kushinda siku moja, hesabu ya kipato peke yake ingekuwa imewarudisha nyumbani zamani. Upande wa pili yupo Mkenya Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni, ambaye alikwisha kuwa tajiri lakini kwa miaka mingi aliendelea kulala kambini Kaptagat siku za juma, akishika zamu ya kusafisha vyoo kama wenzake. Yupo pia Alphonce Simbu, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambaye baada ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha ya London mwaka 2017 alikaa miaka minane bila medali nyingine ya dunia, hadi Septemba 2025 jijini Tokyo alipompita Mjerumani Amanal Petros katika hatua za mwisho kabisa na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Naye Mkenya Tegla Loroupe, Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alianza kwa kuambiwa kwamba ni mdogo na mwembamba mno, na baadaye akayatumia mashindano ya mbio kuzikutanisha jamii za wafugaji zilizokuwa zikipigana kwa ajili ya mifugo. Neno njaa halielezi hata nusu ya maisha hayo.

Madhara ya imani hii yanaonekana pale wakala anapomhesabu mkimbiaji kuwa mtu wa kuridhika na chochote, na pale matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku yanaposamehewa kwa kisingizio cha dhiki, ingawa baadhi ya waliofungiwa walikuwa tayari na mataji na mali. Waandishi wa michezo wa Nairobi na Dar es Salaam wanaweza kuanza kuirekebisha kesho: wasimuulize mshindi fedha atazifanyia nini kabla hawajamuuliza ni nini kilichomfanya asisimame kilomita ya 35.