Wagosi wa Kaya na Sisi wa Pemba

Mimi nashikilia kwamba mtu asiye na timu ya kwao hana timu, ana jezi tu. Najua maneno haya yatawaudhi wengi, maana katika skuli yetu kila mmoja ni Simba au Yanga, na siku timu hizo zinapokutana wako watu wa dakhalia moja wasiosemeshana mpaka chakula cha usiku. Sina ugomvi na klabu hizo. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na zimefanya makubwa: Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, na Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Lakini ni klabu za Dar es Salaam, na Dar es Salaam haina haja ya kelele zetu za Mkoani.

Nataka kueleza habari za klabu nyingine, nayo ni Coastal Union ya Tanga. Ndugu msomaji asiulize mbona naiacha Pemba; nitarejea. Tanga iko ng'ambo ya pili ya bahari yetu, mashua zetu zimekwenda na kurudi huko tangu enzi za mababu, na ni nadra kumpata mtu wa Mkoani asiye na shangazi au ami aliyehamia Tanga.

Coastal Union iliundwa mwaka 1948, katika mji wa mkonge, wa bandari na wa reli. Wapenzi wake huiita Wagosi wa Kaya, maneno ya Kisambaa, maana yake wanaume wa nyumbani. Tazama jina hilo! Hawakujiita simba wala chui, walijiita watu wa nyumbani. Kiwanja chao ni Mkwakwani, na mji ule ule una klabu nyingine ya zamani, African Sports, ambao ni Wana Kimanumanu. Mtu wa Tanga huulizwa yu upande upi kabla hajaulizwa habari za Simba na Yanga, au ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1988 Coastal Union ikawa bingwa wa Tanzania Bara. Haikuwa ajabu peke yake. Miaka miwili kabla, mwaka 1986, Tukuyu Stars kutoka Rungwe ilipanda daraja na kuuchukua ubingwa katika msimu wake wa kwanza, jambo ambalo leo ukimwambia mtu atadhani wamzulia. Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Morogoro, iliuchukua mwaka 1999 na tena 2000. Halafu mlango ukafungwa. Tangu mwaka 2001 hata 2025 ubingwa wa Bara umekuwa wa Simba au wa Yanga, isipokuwa mwaka 2014 tu ulipokwenda kwa Azam, nayo ni ya Dar es Salaam vile vile.

Na Tanga ikaonja uchungu ambao sidhani mji mwingine umeuonja. Mwishoni mwa msimu wa 2015/16 zilishuka daraja timu tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, na zote tatu ni za Tanga. Mji ulioingia msimu na timu tatu za Ligi Kuu ukatoka mikono mitupu. Coastal ilirudi mwaka 2018. Julai 2022 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi huko Arusha, dhidi ya Yanga, ikatoka sare ya 3-3, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja wa Zanzibar, Abdul Suleiman, ajulikanaye kwa jina la Sopu. Wakashindwa kwa penalti. Yaliyofuata ndiyo hasa ninayotaka yatazamwe: mwaka huo huo Sopu alichukuliwa na Azam, na mwalimu wa timu, Juma Mgunda, mchezaji wa zamani wa Coastal yenyewe, akachukuliwa na Simba. Hata hivyo klabu haikufa. Katika msimu wa 2023/24 ilishika nafasi ya nne, ikaenda kucheza mashindano ya Afrika mwaka 2024, ikatolewa na Bravos do Maquis ya Angola.

Siwalaumu waliokwenda, kila mtu hutafuta riziki yake. Lakini sisi wa Pemba jambo hili twalijua kuliko wengine. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka katika mashamba yetu, huchumwa na kuanikwa hapa, kisha hupakiwa, na jina linalosomeka duniani si letu. Na mchezaji ni hivyo hivyo.

Sasa narejea nyumbani. Jamhuri, timu ya Pemba, ilikuwa bingwa wa Zanzibar mwaka 2003. Super Falcon, ya Pemba pia, ikawa bingwa mwaka 2012. Niliwauliza wenzangu thelathini wa Kidato cha Nne kama wazijua habari hizi. Wawili walijua ya Super Falcon. Ya Jamhuri hakuna aliyeijua, na mmoja akaniuliza kama nasema habari za redio. Hao hao wanaweza kukutajia kikosi cha kwanza cha Yanga mpaka mlinda mlango wa akiba.

Watu husema kwamba mtu hupenda timu ishindayo. Ingekuwa kweli, Uwanja wa Gombani usingalijaa Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipoletwa Pemba na Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali. Wale watu walikwenda kuwatazama wa kwao kabla hawajajua nani atashinda. Lakini nimekwenda Gombani mara mbili wakati wa likizo kutazama ligi, na viti nilivyoviona vitupu ni vingi kuliko nipendavyo kuandika. Timu ya Pemba ikicheza Unguja hulipa nauli ya bahari, chakula na malazi. Zitatoka wapi fedha hizo ikiwa hata kiingilio twaona tabu kukitoa, na jezi ya Dar es Salaam twainunua?

Wengine husema mji mdogo hauwezi kuwa na klabu ya maana. Huko Argentina uko mji wa Rosario, si mji mkuu wa nchi wala wa jimbo lake. Mwaka 1903 watu waliosoma katika skuli moja ya mji huo, skuli ya mwalimu Mwingereza aitwaye Isaac Newell, waliunda klabu na kuipa jina la mwalimu wao: Newell's Old Boys. Lionel Messi alijifunza mpira katika timu ya watoto ya klabu hiyo kabla hajapelekwa Barcelona. Ilianza kwa wanafunzi waliomaliza masomo na hawakutaka kutawanyika.

Nasi tutamaliza mitihani mwezi wa Novemba. Wako waliotutangulia walioko Mkoani, Kengeja, Mtambile na Chake, na wengi wao wangali wanacheza. Namwomba mwalimu wa michezo aturuhusu kiwanja Jumamosi alasiri baada ya mitihani, na wazazi wasomao gazeti hili wawaambie watoto wao waliokwisha toka skuli. Saba tumekwisha andika majina, na karatasi iko kwa nahodha wa mpira. Mlinda mlango bado hatuna.