Ba'mdogo, nilikucheka bure

Wiki hii sina stori za mapenzi wala za muziki. Nataka nikupeleke Kunduchi ukatazame ndege na kerengende. Usicheke! Mi mwenyewe niliwahi kucheka, na mpaka leo nalipa.

Nilikuwa kidato cha pili. Shule zilipofungwa Desemba nikapelekwa kwa ba'mdogo wangu, mvuvi wa hukohuko Kunduchi. Joto kali, kaskazi imeshika, na kerengende wametanda juu ya uwanja, wa rangi ya dhahabu, hata kutua hawatui. Sisi vijana kazi yetu ilikuwa kuwakamata, kuwafunga uzi na kuwarusha kama eropleni. Siku moja mzee akatukemea: "Waacheni hao, ni wageni. Wamekuja na kaskazi toka Uhindini, kama majahazi."

Basi bwana, mi na usomi wangu wa kidato cha pili nikacheka hadi nikakaa chini. "Ba'mdogo, jahazi lenyewe huzama, sembuse mdudu?" Washikaji wakaniunga mkono. Mzee hakujibu. Akaendelea kushona nyavu zake, uso kaugeuzia baharini.

Miaka ikapita. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa viumbe, Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Visiwa vya Maldivi, akatoa utafiti wake. Kila Oktoba alikuwa akiona kerengende wakimiminika visiwani humo, mahali ambapo maji baridi ya kuzalia ni haba mno. Akafuatilia tarehe na pepo, akahitimisha kwamba wanatoka India kuja Afrika Mashariki, wakivuka bahari ya kilomita kama 3,500 kwa kubebwa na upepo wa juu. Mdudu mwenyewe ana sentimita kama 5 tu! Wakifika huku hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na wanaorudi India ni watoto na wajukuu, siyo walewale waliokuja. Hata kozi wa Amur, ndege wanaotoka Siberia na China, huvuka bahari hiyohiyo majira hayohayo, na Anderson aliona huenda kerengende ndio chakula chao cha njiani.

Nilipoisoma habari hiyo nikakosa wa kumpelekea. Ba'mdogo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka miwili nyuma.

Ndiyo maana Desemba iliyopita nilimchukua mpwa wangu wa miaka kumi, tukapanda daladala, tukashuka Mtongani na kuchukua bajaji hadi ufukweni. Nawe ukienda, nenda asubuhi, maji yanapoanza kujaa. Bahari huwasukuma ndege wakusogelee, huna haja ya kukanyaga matope. Utaona vitwitwi wakikimbia mchangani. Wengine wao wamezaliwa Siberia. Ukibahatika utamwona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekula kaa. Huyo huzalia kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni. Darubini ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo macho yanatosha. Kerengende wasubiri mvua ikikatika, utawaona wameelea juu ya eneo la wazi, wanakula mbu na vidudu vingine.

Siku ile walikuwepo, tena wengi. Dogo akaanza kuwafukuza.

"Waache," nikamwambia, "hao ni wageni."

"Wametoka wapi, anko?"

"Uhindini. Wamevuka bahari na kaskazi."

Akanitazama, akatazama bahari, kisha akacheka hadi akakaa chini. Sikumkemea. Nilistahili.

Wikiendi njema, tukutane wiki ijayo. Na kama una mzee wako wa pwani aliye hai, kamsalimie.