Bila Sukari Si Bila Madhara

Umezuka miongoni mwetu watumishi wa umma mtindo wa kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu kila siku kana kwamba ni maji. Mwalimu wa Sigino mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha hufungua kopo lake jioni. Karani wa Babati mjini hulifungua asubuhi kabla ya jalada la kwanza. Akionywa, hujibu kwa fahari: "Hiki changu hakina sukari." Jibu hilo ndilo linalotulazimu kuandika leo.

Kupunguza sukari ni jambo jema, wala hatulipingi. Lakini hatuna budi kujiuliza: sukari ikiondolewa, nguvu hiyo yatoka wapi? Mwili hupata nguvu kutokana na chakula, na kinywaji kisicho na sukari karibu hakina chakula chochote ndani yake. Kinachomchangamsha mnywaji ni kafeini, ambayo kazi yake ni kuuzuia ubongo usipokee taarifa ya uchovu. Uchovu wenyewe haujaondoka. Huo ni mkopo, na mdai wake ni usingizi.

Kopo la mililita 500 la baadhi ya vinywaji hivyo lina kafeini ya miligramu 160 hivi, iwe lina sukari au halina. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito asizidishe 200. Anayekunywa makopo mawili, kisha akaongeza chai na kahawa, amekwisha kuukaribia mpaka huo au kuuvuka. Tena, kwa kawaida nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Aliyekunywa saa 12 jioni asishangae kukesha. Kesho yake huamka amechoka, naye hulitafuta kopo jingine. Moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kupanda na kichwa kuuma siku ya kuacha ni mambo yajulikanayo.

Viko pia viongeza utamu vilivyowekwa mahali pa sukari. Mwezi Mei 1923 haukuwa na elimu hii. Lakini Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, kwa kuwa havikuonyesha faida ya kudumu, na utumiaji wa muda mrefu umeonekana kuambatana na kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo. Ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari, na uhusiano huo bado si uthibitisho. Hata hivyo ni onyo la kutosha kwa mtu mwenye busara. Meno nayo hayasalimiki, maana asidi ya vinywaji hivi hulainisha tabaka gumu la nje ya jino hata pasipo sukari.

Ndugu walimu, watoto hufuata matendo yetu kuliko maneno yetu. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia vinywaji hivi walio chini ya miaka 18 tangu 2014, na Poland ikafuata Januari 2024. Sisi tunaweza kuanza bila kungoja sheria: vinywaji hivi visiuzwe kwenye maduka ya shule, wala mwalimu asiingie darasani na kopo mkononi. Kila mmoja asome maandishi ya kopo kabla ya kulinunua, na mwenye shinikizo la damu amwulize kwanza mganga.

Wakuu wa kazi nao wana wajibu. Mtumishi anayehitaji kopo kila siku ili amalize kazi, aidha amelemewa na kazi, aidha halali vya kutosha. Hayo mawili hutibiwa kwa kugawana kazi kwa haki na kwa kulala mapema. Uji wa asubuhi, maji safi na usingizi wa saa saba havina tangazo la biashara, lakini ndivyo vilivyo nguvu ya kweli. Kinga ni bora kuliko tiba.