Pikipiki Haijafa, Imelala: Usikimbilie Kufungua Injini

Leo niacheni kidogo mbolea na viuatilifu, niseme kuhusu pikipiki.

Masika moja nilikuwa likizo. Pikipiki yangu, mzee wa kabureta na kiki, ikakaa stoo miezi miwili. Siku niliyorudi, kijana mmoja mwenye nyanya ekari moja akanipigia: majani yana michirizi, anahisi ni kantangaze. Napiga kiki, kimya. Nimepiga mpaka goti likauma. Fundi akaja, akasikiliza dakika mbili, akasema ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Nikakubali. Siku nne zikapita. Nilipofika shambani, mabuu yalikuwa tayari ndani ya matunda.

Na tatizo lenyewe? Kabureta chafu. Ringi zilikuwa nzima.

Msimamo wangu ni huu: kijana anayefanya kilimo biashara ajifunze mwenyewe nusu saa ya kwanza ya ukaguzi. Pikipiki ni zana ya shamba kama pampu ya maji. Fundi aitwe ukishajua umekwama wapi.

Anza na petroli. Ikikaa muda mrefu, sehemu yake nyepesi huruka na inayobaki huwa kama gundi. Gundi hiyo huziba jeti ndogo ya kabureta, ambayo tundu lake ni jembamba kuliko nusu milimita. Funga koki, legeza skrubu ya chini ya kabureta, mwaga yote. Ikinuka kama rangi ya mafuta, mwaga na ya kwenye tanki, weka mpya. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa baridi, na sigara iwe mbali.

Kisha vuta choki, piga kiki mara saba au nane, toa plagi uitazame. Kama ni kavu, mafuta hayafiki: rudi kwenye koki na kabureta. Kama imelowa, mafuta yanafika, basi shaka ni cheche. Ifute, isugue, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, halafu piga kiki. Hakuna cheche? Jaribu plagi mpya kwanza kabla ya kulaumu koili. Na plagi haina bei ya kukufilisi.

Usisahau chujio la hewa. Stoo yenye mahindi ina panya, na panya wanapenda kulala humo.

Ikiwaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima, hapo jeti ndogo imeziba. Ifunguliwe, isafishwe na kupulizwa kwa upepo. Usiichokonoe kwa waya, utaliongeza tundu.

Ukimaliza yote haya na bado kimya, au kiki imekuwa laini haina upinzani, sasa ndiyo umwite fundi. Huenda valvu au ringi kweli zina shida. Lakini utamwambia, "Mafuta yanafika, cheche ipo." Fundi mwaminifu atafurahi, na asiye mwaminifu atajua hapa hapatafunwi.

Wapo watakaosema, "Afisa, mimi ni mkulima, si fundi." Sawa. Lakini nyanya zilizoiva hazisubiri, na mnunuzi wa gulioni hasubiri pia.

Kwa hiyo msimu huu, kabla hujaiegesha kwa wiki nyingi, funga koki uiache iunguruме mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Chomoa betri. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, ila kumbuka kukitoa.

Yule kijana aliokoa karibu nusu ya nyanya zake. Hajawahi kunilaumu, lakini mimi najua siku nne zile zilikwenda wapi.