Taa Iliyochomolewa Ni Yako, Ukuta Ni wa Fundi



Leo nataka tuzungumze juu ya taa ya mezani. Sisemi chemli wala koroboi. Nasema taa ya umeme, ile inayochomekwa ukutani kwa waya. Najua wengine watasema, "Mwalimu ameishiwa na masomo." Nisikilizeni kwanza, halafu mnihukumu.

Katika darasa letu moja, juu milimani upande wa Mgeta, yuko mama mmoja mshonaji. Mchana yumo shambani kwenye kabichi na viazi. Usiku anashona sare za shule. Ana taa ya chuma aliyopewa na mjomba wake, ambaye alifanya kazi mjini Morogoro miaka mingi. Taa hiyo ni ya zamani. Waya wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Plagi yake ilikwisha vunjika.

Kijana wake aliufunga mpasuko kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Kisha akachuna ncha mbili za waya, akazichomeka katika matundu ya soketi, akazikaza kwa njiti za kiberiti. Taa ikawaka. Majirani wakamsifu kijana kwamba ana akili.

Usiku mmoja wa masika mama alitoka nje kukinga maji ya mvua. Alirudi na mikono imelowa. Alikuwa peku, na sakafu ilikuwa ya udongo. Akashika shingo ya taa ili aisogeze karibu na cherehani. Umeme ukamkamata. Alitaka kuachia, hakuweza. Bahati njema kijana alikuwa karibu, akazima swichi ya soketi. Mama alipona, lakini vidole vyake viwili viliungua. Kwa muda wa wiki tano hakushona hata sare moja.

Aliporudi darasani nilimwuliza kwa nini hakumwita fundi. Alinijibu, "Mwalimu, fundi yuko mjini. Nauli ya kwenda na kurudi inapita bei ya taa. Na wewe hujapata kutufundisha."

Jibu hilo liliniingia moyoni. Tulikwisha soma naye juu ya mbolea, maji ya kuchemsha na hesabu za duka. Juu ya umeme hatukusoma hata mstari mmoja, na nguzo ya umeme imesimama mbele ya dirisha la darasa.

Mkoa wetu wa Morogoro si mgeni wa umeme. Kituo cha Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, kilianza kutoa umeme mwaka 1975. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Lakini kwa miaka mingi vijiji vingi viliona nyaya kubwa zikipita tu kwenda mijini. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo vijiji vingi vimepata umeme. Umeme umefika vijijini. Elimu ya kuutumia bado iko njiani.

Maoni yangu ni haya: kila darasa la kisomo katika kijiji chenye umeme lifundishe kubadilisha waya wa taa na kufunga plagi. Lifundishe pia mahali pa kuishia.

Wapo wanaonipinga. Wanasema umeme ni kazi ya mafundi, na mwanakijiji asiguse kabisa. Fundi mmoja mwenye leseni, nilipomwomba aje darasani, aliniambia, "Mwalimu, ukiwafundisha nusu, watakufa nzima." Neno lake si la kupuuza. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu tu. Anayeucheza umeme wa nyumba kama betri ya tochi anacheza na kifo.

Lakini nilimwuliza fundi yule swali moja: tukikataza, je, taa zitaacha kuharibika? Zitaharibika, na watu watazitengeneza usiku, kwa nailoni na njiti za kiberiti, bila kumwambia mtu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katazo peke yake halimwondoi mtu katika hatari. Linamfanya aifiche.

Tukumbuke pia kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Karibu watu milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakachimba vyoo. Hawakuambiwa kwamba afya ni kazi ya daktari peke yake. Hawakuambiwa pia wajipasue wenyewe. Walifundishwa kazi iliyo yao, na iliyo ya daktari ikabaki kwa daktari. Umeme nao tuufundishe hivyo hivyo.

Fundi alifikiri, akakubali kuja. Alitoa sharti moja, nasi tuliliandika ubaoni: TAA ILIYOCHOMOLEWA NI YAKO. UKUTA NI WA FUNDI. Maana yake ni kwamba taa ikiwa imechomolewa na kuwekwa mbali na soketi, haina umeme wa ukutani ndani yake. Hapo unaweza kuifungua. Lakini soketi, swichi ya ukutani, nyaya za darini na mita usivifungue. Hizo ni kazi za fundi mwenye leseni ya EWURA, na mita ni ya TANESCO.

Basi tulifanya hivi. Tuliiweka taa ya yule mama juu ya meza, tukatoa balbu, tukaifungua kwa bisibisi. Tukaona jambo ambalo kijana hakuliona. Waya ulikuwa umepasuka pia ndani ya shingo ya taa, na shaba yake iligusa chuma. Kijana alifunga mpasuko wa nje, ule wa ndani ukabaki. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: waya uliozeeka hauungwi wala hauzibwi. Unatolewa wote, unawekwa mpya.

Waya mpya tulionunua una nyaya tatu ndani yake. Wa kahawia ni waya wa moto. Wa bluu ni nyutro. Wenye mistari ya kijani na njano ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Katika taa za zamani utakuta rangi nyingine: nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ardhi. Huo waya wa tatu ndio uliokosekana katika taa ya mama. Taa ya chuma inatakiwa kuwa na waya wa ardhi uliofungwa kwa skrubu kwenye chuma chake, na soketi nayo iwe imeunganishwa na ardhi. Hapo waya wa moto ukigusa chuma, umeme hupita njia hiyo na fyuzi hukatika. Ikiwa taa yako ni ya chuma na huoni mahali pa kufunga waya wa ardhi, usibahatishe. Mpelekee fundi.

Kisha tukafungua plagi mpya. Mama akainama, akatazama ndani, akasema, "Mwalimu, humu mna herufi!" Kweli, mlikuwa na herufi tatu: L, N na E. Akazisoma kama tulivyozisoma katika kitabu cha kwanza: L ya limau, N ya nazi, E ya embe. Fundi akaeleza kwamba waya wa kahawia unafungwa penye L, wa bluu penye N, na wa kijani na njano penye E. Mama akafunga mwenyewe. Mwaka mmoja nyuma mama huyu alikuwa akitia dole gumba mahali pa sahihi.

Yako mambo mengine tuliyofundishwa. Ukichuna ncha ya waya, usikate nyuzi za shaba. Zisokote pamoja, zikaze kwa skrubu, na usiache uzi hata mmoja ukichomoza. Kibanio cha plagi kiushike waya kwenye ganda lake la nje, ili ukivutwa usichomoke. Swichi ya taa ikate waya wa moto, si nyutro. Kama balbu ni ya kuzungusha, waya wa moto uende kwenye kidude cha katikati, chini kabisa ya holda. Nyutro iende kwenye duara la nje, kwa sababu hapo ndipo kidole hugusa mtu anapobadilisha balbu. Fyuzi ya plagi ya taa iwe ya ampea 3, si 13. Usiweke waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Na jueni kwamba fyuzi kazi yake kubwa ni kuzuia waya usiwake moto. Umeme mdogo sana, usiotosha kukata fyuzi, unatosha kumwua mtu.

Kazi ikiisha, vuta waya polepole uone kama umeshika. Hakikisha umefunika kila kitu. Vaa viatu vikavu, kausha mikono, mwite mtu asimame karibu, ndipo uchomeke na kuwasha. Ukisikia mlio, ukiona cheche au ukinusa harufu ya kuungua, zima na kuchomoa mara moja.

Na ikitokea mtu amekamatwa na umeme, usimshike. Utakamatwa na wewe. Zima swichi kuu kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, umsukume atoke kwa mti mkavu, kamwe si kwa chuma wala mti mbichi. Kisha mpelekeni kituo cha afya, hata kama anasema hajambo.

Mimi nina cheti cha elimu ya watu wazima. Sina cheti cha umeme. Sikusimama mbele ya darasa siku ile; nilikaa kwenye benchi na wanakisomo, nikaandika katika daftari kama wao. Nawaomba walimu wenzangu wasione haya kufanya hivyo. Mwalimu asiyejua jambo amwite anayelijua. Na mafundi wetu nao wasiogope kwamba watakosa kazi. Tangu siku ile fundi yule ameitwa katika nyumba tatu za kijiji chetu, kwa sababu watu wamejua sasa kwamba soketi zao ni mbovu. Zamani wasingejua.

Taa ya mama inawaka. Vidole vimepona, ingawa kimoja hakikunji vizuri. Kijana wake amezitupa njiti za kiberiti, na yeye ndiye anayewaonyesha wenzake herufi tatu za plagi. Ndugu msomaji, leo jioni, kabla ya kuwasha taa yako, ichomoe. Pitisha macho katika waya wote, toka plagi hadi holda. Ukiona nailoni, ukiona shaba, ukiona njiti, usiiwashe. Heri kulala gizani usiku mmoja.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mama alikamatwa na umeme ingawa mpasuko wa nje ulikuwa umefungwa?

2. Herufi L, N na E katika plagi zinaonyesha nini?

3. Ni kazi zipi za umeme unazoweza kufanya mwenyewe, na zipi ni za fundi?

4. Wengine wanasema mwanakijiji asifundishwe umeme kabisa. Wewe unaonaje? Toa sababu zako.