Hilo gunia kando ya kitanda, umelikagua?

Msomaji, lile gunia la mahindi ambalo mama alikutumia kwa basi kutoka Mtito Andei uliliweka wapi? Keja ni ndogo, kwa hivyo wengi wetu hulisukuma kando ya kitanda, chini kwa simiti, likiegemea ukuta. Siku moja unalifungua, harufu ya uvundo inakupiga, punje zimeshikana na zina vumbi la kijani.

Basi unachagua nzuri, unaziosha, unazianika kidogo, unapeleka kinuni. Eti moto utaua. Moto unaua kuvu, sawa, lakini sumu ambayo kuvu imeshaiacha ndani ya punje haiishi kwa kupikwa ugali. Inaitwa sumukuvu, ile aflatoksini ya kwenye habari. Haionekani wala haina ladha, na inashambulia ini. Hata kukoboa muthokoi hupunguza tu, hakumalizi.

Kwetu hii si hadithi. Mwaka wa 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa, 12 wakafa. Kisha ikaja 2004: kufikia Julai wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wachunguzi waligundua kwamba waliougua ndio hasa waliokuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Na usidhani anayenunua yuko salama. Kati ya sampuli 350 zilizochukuliwa sokoni mwaka huo, asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa.

Kwa hivyo piga simu nyumbani kabla gunia halijafungwa. Kuna kipimo cha bure: chupa kavu ya glasi, punje kiasi, chumvi kavu. Tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado yana maji, yarudi juani, juu ya turubai na si mchangani. Likifika kwako, liinue juu ya mbao, mbali na ukuta. Yale magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri, ila kwa mahindi makavu pekee.

Ukuta wenyewe ukiwa na kuvu, fungua dirisha, funika pua na mdomo, vaa glavu, sugua kwa sabuni, kisha ukauke kabisa. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa nyingine ya kusafisha, mvuke wake utakuumiza. Halafu msumbue landilodi azibe panapovuja, maana bila hivyo utasugua kila mwezi.

Na yaliyovunda? Usimpe kuku, usimpe ng'ombe (sumu hupita hadi kwenye maziwa), usimuuzie mama wa busaa. Fukia. Tunajua inauma, hilo ni jasho la mama. Ndiyo maana hatukubali viongozi wanaoishia kusema "tupeni" kisha wanaondoka. Mwaka wa 2004 serikali ilipeleka chakula kingine kwa waliokuwa na mahindi yenye sumu. Ilikuwa sahihi, na isingojee watu wafe ndipo irudie. Kaunti nazo zipeleke mashine za kukausha karibu na mashamba, si zikae makao makuu zikipigwa picha. Mwenye njaa hatafukia gunia lake kwa sababu sisi tumemwandikia hivyo.